Aliyepokea hela yangu ndiye anirudishie, msinitume kiwandani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, maana hili jambo nalisikia kwa watu wengi hapa Moshi na Arusha pia, ila kila mtu analalamika nyumbani kwake halafu linaishia hapohapo. Nazungumzia kurudishiwa hela pale duka la vifaa vya ujenzi likikuuzia kitu kibovu. Sisemi kubadilishiwa wala kuandikiwa kwenye daftari kwamba una salio lako utakuja kuchukua misumari siku nyingine, nasema hela yenyewe, iliyotoka kwako, irudi kwako.

Nieleze langu kwanza. Kaka yangu yuko Dar na anajenga huku Kibosho, na sisi watu wa mlimani mnatujua, nyumba ikianza tu swali ni moja, Disemba itakuwa imefikia wapi, maana Krismasi watu wote wanapanda na hakuna anayetaka kulala kwa shangazi wakati ana kiwanja chake na msingi upo. Yeye anatuma hela, mimi ndio msimamizi. Tukaagiza nondo za milimita 12 za nguzo na mkanda wa juu, pamoja na za milimita 8 za ringi, kwenye duka moja la hapa Moshi mjini, silitaji jina na wala sio duka la uchochoroni. Kaka akalipa kwa simu moja kwa moja kwao, risiti ikatoka, mzigo ukaja na Kanta, lile lori dogo, jioni mvua inataka kunyesha, dereva ana haraka, kijana wa saiti akasaini karatasi ya delivari, Kanta ikaondoka.

Asubuhi yake fundi ananipigia, mama hizi nondo mbona nyepesi. Huyu fundi ni mtu mzima, nondo akiinyanyua tu anajua. Nikamwambia asikate hata moja na asifunge hata moja, nakuja. Tukapakia baadhi tukazipeleka kwenye mizani ya kahawa ya chama cha msingi cha ushirika, mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, wale vijana wa pale wakacheka kwanza halafu wakatusaidia.

Sasa hapa naomba msomaji anisikilize vizuri kwa sababu watu wengi hawaijui hii hesabu na mafundi wanaoijua hawaisemi mpaka waulizwe. Ukitaka kujua nondo ina uzito gani kwa mita moja, chukua unene wake kwa milimita, uzidishe kwa wenyewe, halafu ugawe kwa 162. Nondo ya 12 ni 12 mara 12 ambayo ni 144, gawa kwa 162 unapata karibu gramu 890 kwa mita. Nondo nzima ina urefu wa mita 12, kwahiyo inatakiwa iwe na kilo 10 na gramu 670 hivi. Ya milimita 10 inakuja kilo 7.4, ya 16 inakaribia kilo 19, ya 8 ni kilo 4 na gramu 740. Kupungua kidogo kunakubalika kwenye viwango, chuma hakitoki kiwandani sawasawa kama uzi, hilo naelewa. Ila zetu za 12, tukizipima kumi kumi, badala ya kilo 106 na ushee tunapata 90. Za milimita 8 zilikuwa sawa kabisa, hizo sina ugomvi nazo.

Kilo 9 kwa nondo moja ukirudisha hesabu nyuma ni nondo ya milimita 11. Mwenye duka nilipomwambia akasema mama ni milimita moja tu jamani. Milimita moja tu! Fanya hesabu, 11 mara 11 ni 121, kutoka 144, chuma kilichopotea ni asilimia 16. Sisi tulichukua nondo 60, kwahiyo kwenye lile rundo hazipo kilo 100 za chuma, yaani tumelipia nondo 9 ambazo hazikuwahi kupanda kwenye Kanta. Na wala usihangaike kupima na kalipa, zile alama zilizonyanyuka juu ya nondo zinakudanganya, wewe peleka kwenye mizani.

Na tusisahau tunaishi wapi. Hii kanda yetu ni ya bonde la ufa, Julai 2007 Arusha ilitikisika na yale matetemeko ya kule Gelai karibu na Ziwa Natron mpaka watu wakakimbilia nje. Mkanda wa nyumba unawekwa nondo kwa sababu ya siku kama hizo.

Turudi kwenye hela. Nilipofika dukani neno la kwanza nililoambiwa ni kwamba hizo nondo hatutengenezi sisi, nenda kiwandani ukalalamike. Mhariri hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kiwandani naenda kama nani? Sijawahi kununua kitu kwao, hawanijui, risiti yangu haina jina lao, na kiwanda chenyewe kiko mkoa mwingine. Hela aliichukua yeye, faida akapata yeye, ubovu ulipoonekana ghafla yeye amekuwa mpita njia. Mangi mwenye duka, kama umeuziwa nondo pungufu na kiwanda au na huyo wa jumla anayekuletea, wewe ndio una invoisi yao, wewe ndio una namba ya bosi wao, na mkidaiana nyinyi kwa nyinyi mimi hainihusu. Mpwa wangu aliyesomea sheria akaniambia shangazi hapo hata usibishane naye, mkataba wa mauzo ni kati ya aliyeuza na aliyenunua. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo ipo tangu enzi za mkoloni, inasema mali ikiuzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo. Maelezo kwenye risiti yangu yanasema nondo milimita 12. Basi. Kiwanda kinaweza kuwa na makosa yake na kinaweza kushtakiwa kwa njia yake, ila hiyo haimfuti aliyeniuzia.

Alipoona kiwandani siendi akaja na lingine, akasema mzigo mmeupokea na mkasaini. Ni kweli kijana alisaini, tena alisaini giza linaingia kwamba amepokea nondo idadi hii, hakusaini kwamba amezipima akazikuta ziko sawa, na angezipima na nini pale getini? Mpwa anasema hata hili sheria imeliona, mnunuzi hahesabiki kwamba ameikubali mali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua ajue kama ndiyo aliyoagiza. Kusaini umepokea ni jambo moja na kuikubali ni jambo lingine. Ila tangu siku hiyo vijana wangu nimewaambia, kabla ya kusaini chochote waandike kwa mkono pale chini "haijakaguliwa", maneno hayo tu, na dereva akikataa anipigie.

Lililofuata ndilo lililonichekesha mpaka leo. Wanaojenga wanajua nondo ya mita 12 haiingii kwenye Kanta ikiwa imenyooka, inakunjwa katikati. Zangu zilikunjwa na vijana wa duka, kwenye uwanja wa duka, kabla hazijatoka. Sasa jamaa ananiambia siwezi kuzipokea mama kwa sababu zimeshakunjwa, mteja mwingine hatazitaka. Nikamwuliza hivi amezikunja nani? Akanyamaza kidogo akasema ndio utaratibu. Nikamwambia na huyo mteja mwingine unayemsubiri utamuuzia kama milimita 12 au kama 11? Hapo keshia akainama kama anatafuta kitu chini ya meza.

Kulikuwa na tangazo ukutani pia, lile la kila duka, mali ikishauzwa hairudishwi. Watu wanaliogopa sana lile tangazo wakidhani ni amri ya serikali. Kama umenunua rangi ya kijani ukafika nyumbani mke akasema anataka krimu, hapo sawa, muuzaji hana kosa na tangazo lake ni haki yake. Lakini kitu kibovu au kitu kisichokuwa kile ulichouziwa hakiondolewi na karatasi iliyogundishwa ukutani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ile iliyoanzisha FCC, yaani Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja kuhusu bidhaa yenyewe na kuhusu haki alizonazo huyo mteja. Mimi ningependa nione hao FCC wanapita madukani na kuyabandua, au angalau yaongezwe maneno mawili pale mwisho, "isipokuwa mbovu".

Baadae akalainika, akasema basi mama mimi sina shida na wewe, chukua mzigo mwingine wa hela hiyohiyo, chukua simenti, chukua bati. Hapa ndipo wengi wanapokwama, na mimi siwalaumu maana mtu umeshachoka, fundi anasubiri na posho yake inasoma, unaona bora upate kitu. Ila fikiria, mtu amekuuzia chuma pungufu halafu tiba yake ni uendelee kununua kwake kwa bei atakayokupangia yeye, na wewe huwezi kupunguziwa hata shilingi kwa sababu hela yako ameshaishika. Nondo nzuri za kubadilisha hakuwa nazo, alikiri mwenyewe stoo yote ni mzigo uleule. Nikasema hapana, hela.

Unajua kilichomaliza maneno? Sikupiga kelele na sikwenda polisi. Nilimwambia mangi, wewe unasema hizi ni milimita 12 halali, mimi nakuamini, naomba uniandikie hivyo kwenye karatasi yenye kichwa cha duka lako, ugonge muhuri, uandike kwamba nondo ulizouza kwa risiti namba fulani ni milimita 12 kamili, na mimi hiyo karatasi nitaipeleka pamoja na nondo moja ofisi ya Shirika la Viwango, TBS, Kanda ya Kaskazini pale Arusha, na kipande kingine nitakipeleka maabara ya chuo wakanipimie, yakija majibu tutajua nani mkweli. Hakuandika. Alisema nirudi kesho bosi mkubwa atakuwepo, na huyo bosi mkubwa alipokuja hakutaka maneno mengi, ila alitaka akate asilimia 10 ya usumbufu. Usumbufu wa nani sasa? Nikakataa, mpwa akaongea naye kwenye simu kwa lugha zao, na hela yote ya zile nondo za 12 ikarudi kwenye simu ya kaka siku hiyohiyo jioni.

Bado nauli ya Kanta. Wao wanasema nondo nizirudishe mwenyewe kwa gharama zangu na ile nauli ya kwanza imeshaliwa na dereva. Mpwa anasema sheria hiyohiyo ya Sura ya 214 iko wazi, mnunuzi aliyeikataa mali kihalali halazimiki kuibeba kuirudisha kama hamkukubaliana hivyo, inatosha amjulishe muuzaji kwamba ameikataa. Kwahiyo nimewajulisha kwa maandishi, na nakala wamenisainia, nondo ziko pale kwenye kiwanja zimefunikwa turubai, waje wachukue. Kwa sasa ninachosubiri ni Kanta yao.

Sasa Mhariri niseme na kuhusu wenzangu. Jirani yangu alichukua simenti kipindi cha masika, mifuko ya chini yote ilikuwa imeganda, akaambiwa iangushe chini itavunjika, na kweli mingine ilivunjika akaitumia. Simenti ikishaingiwa na unyevu imeshaanza kushika humo humo mfukoni, lile bonge ambalo ukilibana kwa vidole halisagiki kuwa unga ujue nguvu imeondoka na hata uipigepige na nyundo hairudi. Ule mfuko ulioandikwa 42.5 namba ile ni nguvu inayotakiwa kufikiwa baada ya siku 28, haifikiwi na mabonge. Tatizo la simenti ni kwamba ukishaichanganya ushahidi wote uko ukutani, kwahiyo ukiona bonge simamisha hapohapo, piga picha mfuko pamoja na ile namba na tarehe ya kutengenezwa, usitupe mifuko. Yeye alipiga lipu nyumba nzima, leo inamwagika kama unga akipitisha mkono, na dukani wanamwambia fundi wako alizidisha mchanga. Nani atabishana?

Bati nayo ni hivyohivyo, hasa hizi za msauzi za rangi. Geji, yaani unene wake, inaandikwa kwenye bati lenyewe na watu wanaamini maandishi, kumbe maandishi ni wino tu, bati linapimwa kwa maikromita. Kagua kabla ya kupandisha, likishapigwa msumari hata mimi ningekuwa mwenye duka ningebisha.

Na risiti, jamani risiti. Mashine za risiti za EFD zimekuwepo tangu 2010 lakini mpaka leo unaingia dukani unaulizwa unataka na risiti au bila risiti, bila risiti bei inashuka, na mtu anayejenga kwa kubanabana asilimia 18 ya VAT anaiona kubwa sana kwahiyo anasema bila. Kwenye mambo ya kodi sitaki kuhubiri, TRA wana watu wao. Nachosema ni kwamba siku nondo zikiwa pungufu, yule aliyekupunguzia bei atakuuliza ulinunua wapi. Mimi bila ile risiti nisingepata hata kiti cha kukalia mule dukani. Af ile karatasi ya EFD inafutika, ukiiacha kwenye dashibodi ya gari au karibu na jiko wiki chache haisomeki, kwahiyo itoe kopi au ipige picha siku hiyohiyo. Na hakikisha imeandikwa kitu chenyewe, nondo milimita ngapi, vipande vingapi, maana kuna risiti zinaandikwa "vifaa vya ujenzi" halafu jumla, hiyo utadai nini?

Wanaojenga kwa simu kutoka Dar, Mwanza au Ulaya nawaomba kitu kimoja, hela ya vifaa msiitume kwa fundi akanunue kwa jina lake. Sio kwamba mafundi ni wezi, wangu ndiye aliyeniokoa. Ila kama risiti ina jina la fundi basi mnunuzi ni fundi, duka litakwambia halikujui, na fundi naye hana muda wa kuacha kazi za watu kwenda kugombana kwa ajili ya nyumba yako.

Ikishindikana dukani kabisa Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya namna hii, na kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, unaeleza mwenyewe. Watu wanaona aibu kwenda mahakamani kwa sababu ya nondo, wakati wanaenda kwa mpaka wa shamba la kihamba wa hatua mbili na wanakaa huko miaka.

Nisiwe mbaya kwa wote. Kuna mfanyabiashara mmoja Arusha kule maeneo ya Kwa Mrombo, dada yangu alimrudishia masinki mawili yenye ufa, jamaa alitazama, akaomba samahani, akatoa hela bila hata kuuliza alitaka kununua nini kingine. Dada yangu vifaa vyote vilivyobaki amenunua pale, na mimi nondo mpya nimeagiza hukohuko ingawa nauli ya kupandisha Kibosho ni kubwa kuliko ningenunua hapa mjini. Zimepimwa, ziko sawa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wa Moshi ni wawe na mizani dukani. Mnauza misumari kwa kilo na mizani mnayo, wekeni na kubwa ya nondo, mteja apime kabla haijakunjwa. Na kwako Mhariri, mwandishi wako mmoja angeweza kuzunguka madukani akanunua nondo mojamoja ya 12, akapima na akaandika kilo alizozikuta. Akitaka mizani ya kuanzia, vijana wa kahawa huku wameshazoea.

Msimamizi wa saiti,
Kibosho, Moshi